Siku Kumi za Prinsi

Brenda amenialika nikamshukuru Mungu pamoja naye. Ujumbe wake uliingia kwenye simu Jumatano asubuhi nikiwa nachambua mchele, na nilipoliona jina nikaacha mchele ukae. "Zaitun dada yangu," aliandika, "Mungu amenitoa mbali. Jumamosi tunafanya shukurani hapa nyumbani Naguru. Lazima ukuje. Wewe ndio shahidi yangu ya ile mambo ya mbwa." Nikausoma mara mbili. Shahidi! Nikacheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akauliza kutoka sebuleni kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, nimepata mwaliko tu. Watu wa umri wangu hupenda kusema wamesamehe, na wengine nadhani wanasema kweli. Mimi sikusamehe. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimeiweka hasira ya mwaka ule mahali pakavu, kama mtu anavyoweka kuni, na sasa mwenyewe ameniletea kibiriti. Nikamjibu kwa neno moja, "Nakuja," kisha nikarudi kwenye mchele wangu.

Mwaka ule, wa pili wa chuo, tulikuwa watatu katika nyumba moja Ntinda, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mimi na Akello tulilala chumba kimoja, vitanda viwili na dirisha moja lililotazama ukuta. Brenda alikaa peke yake katika chumba kikubwa cha mbele. Jiko lilikuwa la wote, bafu la wote, na choo kilikuwa ndani ya bafu hilo hilo, kwa hiyo shida zetu zote za mwili zilipitia mlango mmoja wa bluu. Akello alikuwa mtoto wa kambi kama mimi, yeye wa jeshi, mimi wa polisi, ndiyo maana Kiswahili kikawa lugha ya nyumba. Brenda alikuja nacho kidogo, cha kubahatisha, akajifunza kwetu, na sikatai, alikisema kwa raha kuliko sisi. Alikuwa msichana wa kupendeza. Naliandika hili makusudi, maana watu hudhani ubaya huja na sura yake. Alicheka na mabega yote mawili, na akipika nyama alikupakulia bila kuombwa. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene mwenye sauti ndogo ambaye tulimwita Nnalongo kwa sababu alizaa mapacha, alikuwa amebandika masharti yake nyuma ya mlango wa jikoni: mwanamume asilale, mkaa usiwashwe ndani, na mnyama wa aina yoyote asiingie. Maneno "wa aina yoyote" yalikuwa yamepigiwa mstari mara mbili, na aliyevunja sharti alitoka siku hiyo hiyo na godoro lake.

Mbwa aliingia ndani ya mfuko wa sokoni, juu ya nyanya. Alikuwa mtoto wa rangi ya chai ya maziwa, tumbo mviringo, sikio moja limesimama na jingine limelala. "Banange, tazameni mtoto yangu!" Brenda alisema. "Inaitwa Prinsi." Akello akamwonyesha karatasi ya Nnalongo kwa kidole. Brenda akasema Nnalongo hukuja mwisho wa mwezi tu, siku hiyo atamficha. Kisha akanigeukia mimi na kumsogeza yule mbwa usoni kwangu, na nikaruka kama nimeona nyoka. Mimi ni Mnubi, Mwislamu, na kwetu mate ya mbwa ni najisi: chombo akikilamba kinaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Nilimweleza vizuri, bila ukali. Akasikiliza, akasema "bambi, pole," na jioni ile nikachota udongo mwekundu nje, nikaujaza kwenye kopo la majani ya chai na kuliweka chini ya kitanda. Wiki moja baadaye nilimkuta chumbani kwetu na rafiki zake wawili, amelishika kopo langu, anawaambia, "Hii ndio sabuni ya Zaitun." Wakacheka wote. Akello peke yake hakucheka, akamnyang'anya kopo na kulirudisha mahali pake.

Lazima niseme kwamba wiki mbili za kwanza Prinsi alipendwa. Alilazwa kwenye shuka, akapewa maziwa kwa kijiko, akapigwa picha. Kisha Brenda akapata mpenzi mwenye gari, kwenye maghorofa ya Bugolobi, na Ijumaa mchana alikuwa anajipaka mafuta, anafungia mbwa bafuni na kuondoka mpaka Jumatatu. Bafuni! Sisi ndio tulikuwa tunaoga na mbwa, tunajisaidia tukitazamwa na mbwa. Aliyanywa maji ya ndoo yangu ya udhu. Alikula dagaa wangu, wale wadogo tunaowaita mukene, pamoja na karatasi yao. Alilia saa sita mfululizo akikwaruza ule mlango wa bluu mpaka rangi ikatoka na mbao ikaonekana. Tukimwachia nje, anakimbilia jalalani kupigana na mbwa koko, na anarudi na damu masikioni. Tulimlisha sisi, posho iliyobaki na maji ya maharage, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kula huku kiumbe kinalia nyuma ya mlango. Jumatatu Brenda alirudi na kumbusu mdomoni. "Mtoto yangu! Ulinimiss?" Na mbwa, mjinga wa Mungu, alikojoa kwa furaha.

Siku moja nilikuwa kitandani nasoma, ukuta wa kati ulikuwa mwembamba, nikamsikia akizungumza kwenye simu. "Hapana, naweza kukuja hata Alhamisi," alisema. "Iko mtu ya kuangalia mbwa. Yule Mnubi. Yeye anashindaga tu nyumbani." Nilifungua ukurasa uliofuata. Nilikuwa mtoto wa mtu aliyefundishwa kutosema kitu. Lakini nilimsikia, na ninaweza mpaka leo kukuonyesha sehemu ya ukuta ambapo sauti ilipita.

Prinsi aliniuma Jumapili mchana. Brenda alikuwa hayupo tangu Alhamisi, Akello alikwenda kanisani, nami niliingia bafuni kuchukua ndoo. Prinsi, wakati huo ameshakuwa mbwa mkubwa wa mbavu kuhesabika, alikuwa ameuvuta mfupa mkavu sijui kutoka wapi na kuulaza karibu na ndoo ile. Nilinyoosha mkono, naye akadhani nataka mfupa. Meno mawili yaliingia chini ya kidole gumba. Nilipiga kelele, naye akaniachia mara moja, akarudi nyuma mpaka ukutani, akalala chini na kuficha uso. Sikumlaumu hata siku ile. Nikatoka nje na kopo langu nikauosha mkono mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofundishwa, damu ikichanganyika na ule wekundu mpaka sikujua kipi ni kipi. Wiki ile ile watu wa chini sokoni walikuwa wameua mbwa koko aliyetoa povu mdomoni, habari Ntinda nzima iliisikia, na Prinsi alishinda na hao hao mbwa. Akello aliporudi na kuona mkono, alivua viatu vya kanisani, akavaa malapa na kusema, "Twende kliniki. Sasa hivi."

Nesi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Umeosha?" Nikamwambia mara saba. "Kwa sabuni?" Kwa udongo. Akaniangalia juu ya miwani. "Dada, najisi unatoa kwa udongo, sawa. Lakini ugonjwa huu hauogopi udongo, unaogopa sabuni." Akanikalisha kwenye bomba robo saa nzima, sabuni na maji, sabuni na maji. Kisha akatueleza bila kupamba. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu hakina dawa, mtu anaogopa hata maji ya kunywa, anakufa. Sindano zinazuia, zikiwahi. Lakini zilikuwa chache, wanazitunza kwa walioumwa na mbwa wasiojulikana. "Mbwa ya nani? Iko na chanjo?" Nikampigia Brenda. "Ndiyo, iko!" alisema upesi upesi. "Kadi iko, naleta." Na kweli akaleta, baada ya saa mbili, amevaa miwani ya jua, amebeba soda tatu baridi. Kadi ilikuwa ya kijani, na muhuri wa daktari wa mifugo. Nesi akaangalia muhuri, akaandika kitu, akanichoma sindano ya pepopunda tu. "Basi usiogope. Mwangalie mbwa siku kumi. Mbwa wa kichaa hafikishi siku kumi mzima. Siku ya kumi akiwa anakula na anakunywa maji, wewe huna shida." Brenda alinishika bega njia nzima. Nilimshukuru. Hebu fikiria, nilimshukuru.

Kesho yake Akello alikuwa kitandani amelala kifudifudi, kadi mbele yake. Yeye alikuwa msomaji wa kila kitu, mpaka karatasi za kufungia sukari. "Zaitun," akasema, "Prinsi alizaliwa lini?" Nikamwambia Februari, si tulimkatia keki. "Basi huyu alichanjwa kabla mama yake hajapata hata bwana." Akanionyesha. Tarehe ya chanjo ilikuwa ya mwaka mmoja kabla ya Februari hiyo. Mahali pa jinsia paliandikwa jike. Na mahali pa jina palikuwa pamekwaruzwa kwa wembe, jina la Prinsi likaandikwa juu kwa kalamu ya rangi nyingine. Ilikuwa kadi ya mbwa mwingine; baadaye tulijua ni jike la yule mpenzi wa Brenda, mbwa aliyekwisha kufa. Nikaichukua. Nilikwenda jikoni. Brenda alikuwa anapaka kucha rangi kwenye meza tuliyokatia vitunguu. Nikaiweka kadi mbele yake. Hakuigusa, kucha zilikuwa mbichi. "Ningesema haina chanjo," alisema, "wangekuja kuiua, Nnalongo angejua, tungefukuzwa sote. Nimetuokoa, Zaitun." Nikamwambia, "Wewe umeniua." "Bambi, usiongee hivyo. Kadi ni karatasi tu. Mbwa si unaiona, mzima?" Akapuliza kucha zake.

Tulirudi kliniki mbio. Nesi alisoma kadi kwa mara ya pili, safari hii mstari kwa mstari, akavua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na uchafu. Akaniomba radhi. Lakini sindano ya mwisho ilikuwa imetoka asubuhi ile. "Alhamisi," alisema. "Wametuahidi Alhamisi." Tulikwenda sehemu mbili nyingine; ya kwanza sindano hazikuwepo, ya pili zilikuwepo kwa watu wenye uwezo ambao sisi hatukuwa nao. Alhamisi nilikuwa wa kwanza mlangoni na gari la dawa halikuja. "Endelea kumwangalia mbwa," nesi akasema, na hakunitazama machoni. Kwa hiyo ikawa hivyo: mimi ambaye nilikuwa siwezi kukaa karibu na mbwa, uhai wangu wote ukawa ndani ya mbwa yule. Kila asubuhi nilimwekea bakuli la maji sakafuni bafuni na kuchuchumaa mlangoni, nangoja. Akinywa, nami najaribu kunywa chai yangu. Nilikuwa nakitazama kikombe, najisikiliza koo, kama linakataa. Nilimpikia. Nilimnunulia mapafu ya ng'ombe, nikayachemsha kwenye sufuria yangu, nikaiosha mara saba. Akello alichora mistari ya siku ukutani juu ya kitanda, na usiku alininong'oneza, "Leo kala, leo kanywa, lala." Nyumbani sikusema. Siku ya tano mbwa alipumzisha kidevu juu ya kandambili yangu, nami sikuondoa mguu.

Siku ya sita nilirudi kutoka darasani nikakuta mlango wa bluu uko wazi. Bafu limesuguliwa, linanukia dawa ya sakafu. Bakuli halipo. Brenda alikuwa anakula kikomando, chapati yetu ya kukatakata na maharage, anaangalia gazeti. "Nnalongo anakuja kesho kukagua," alisema. "Nimepeleka Prinsi kwa shamba, kwa anko yangu." Wapi? "Mbali huko." Nikamuuliza, na nakumbuka nilikuwa natamka pole pole kama nazungumza na kiziwi, "Na mimi nitajuaje?" Akainua uso. "Utajua nini?" Wallahi, alikuwa amesahau! Hakuwa anajifanya. Ndani ya siku sita jambo la mimi kufa au kupona lilikuwa limemtoka kichwani kama mtu anavyosahau kuzima taa. "Si wewe ulikuwa hutaki mbwa?" akasema, na akacheka na mabega yake mawili. Kuna watu wanaokuchukia, na hao unaweza kuishi nao. Huyu hakunichukia. Ningeona heri anichukie.

Shamba la anko lilikuwa uongo, Akello ndiye aliyekisia hivyo. Tulikwenda Bugolobi, kwenye maghorofa ya yule mpenzi, na Akello akamsalimia askari wa getini kwa Kiswahili cha kambini, "Jambo afande, habari ya lindo?" na mzee akachangamka kama amekutana na ndugu. Alikuwa Mganda aliyewahi kutumikia jeshi, r na l zake zimebadilishana viti. "Ire mbwa? Walipakia kwa gari reo asubuhi. Walishusha kure chini kwa viwanda, karibu na mfeleji. Irifuata gari mpaka ikachoka." Tukashuka mpaka viwandani. Tuliuliza wapakiaji, tukauliza madereva wa malori. Mwanamke mmoja aliyewapikia wafanyakazi chini ya turubai alituonyesha kwa mwiko: chini ya benchi, kati ya miguu ya wanaume wanaokula, Prinsi alikuwa analamba mfupa. Mguu mmoja wa nyuma aliuinua, hakuukanyagia. "Hiyo inaogopa gari," yule mama alisema. "Gari ikipita inaingia mpaka chini ya sufuria zangu." Nikaomba maji kwenye beseni. Nikayaweka chini, nikachuchumaa palepale kwenye tope na wanaume wananitazama. Akanywa. Akanywa mpaka beseni likalia chini.

Yule mama alikubali kumshikilia, nami nikaenda kila alasiri, siku ya saba, ya nane, ya tisa. Siku ya kumi alikuja kunilaki barabarani kwa miguu mitatu na nusu. Akanywa maji, akala, akanilamba kovu chini ya kidole gumba, na nikamwacha alambe. Nilikaa kwenye lile benchi nikalia mpaka yule mama akanipa ubwabwa wa bure. Jioni ile sikumrudisha Ntinda. Nilimpeleka kwetu kambini, laini za polisi kule Naguru, ambako mama yangu alitazama mbwa, akatazama uso wangu, akasema tu, "Ndani haingii," akamtandikia gunia karibu na stoo ya mkaa.

Nilirudi Ntinda nikamkuta Brenda jikoni anakaanga mayai. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. "Nimempata Prinsi," nikasema. "Amekufa. Alikuwa anatoa povu, anaogopa maji." Kijiko kilibaki hewani. Alikuwa na michubuko ya kucha za mbwa kwenye kifundo cha mkono, ya juzi juzi, na midomo yake sote tulijua ilikuwa wapi kila Jumatatu. Nilimpa muda afike mwenyewe. Hakuuliza alikufia wapi. Hakuuliza kama aliumia. Hakuniuliza mimi, niliyeumwa, ambaye kwa habari ile nilikuwa maiti anayetembea, hali yangu. Alisema, "Na mimi je?" Mayai yakaanza kuungua. Nikamwambia, "Nenda kliniki. Mwambie nesi mbwa hakuwa na kadi."

Alichomwa sindano zote tano, kwa karibu mwezi mzima, maana sasa gari la dawa lilikuwa limefika na chache. Alikonda. Nilimwona akiinua gilasi ya maji, akiitazama, akiiweka chini, na nilijua hasa anasikiliza nini kooni mwake, nikafurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alimwungamia Nnalongo mwenyewe, kwa machozi, akafukuzwa yeye peke yake. Mwezi ule ule akaokoka. Akello nilimwambia ukweli wiki ya pili, naye akauliza, "Utamwambia lini?" Nikasema akimaliza. Alipomaliza nikasema bado.

Kuna jambo moja sijamwambia hata Akello. Sindano ya tatu nilimsindikiza Brenda mwenyewe, nilitaka kuiona ikiingia; yeye na nesi nilikuwa nimewaambia mimi nachomwa hospitali ya polisi. Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mzee mmoja wa lindo, si yule wa Bugolobi, mkono umefungwa kwa kitenge, ameumwa na mbwa asiyemjua. Nesi wetu wa miwani alimwambia ile sindano iliyobaki ina mtu aliyekwisha kuanza, lazima amalize, yeye arudi Alhamisi. Mzee akasema asante sana, akainuka, akatoka. Iliyobaki ilikuwa ya Brenda. Nilikuwa naweza kufungua mdomo, ilikuwa sentensi moja tu: mbwa ni mzima, yuko Naguru, mpe huyu mzee. Nilifunga mdomo. Sijui kama alirudi Alhamisi. Sijui kama gari la dawa lilikuja. Hilo ni langu, silikatai, lakini na lenyewe nimekuwa nikilibeba pamoja na jina la Brenda, kwa sababu sikuwa mtu wa namna ile kabla sijaonyeshwa kadi ya kijani.

Jumamosi nikavaa gurbaba yangu, vazi letu la kujifunga, ya rangi ya machungwa, kama Mnubi anayekwenda kwenye shughuli ya heshima, nikapanda Naguru. Mahema mawili, viti vyenye riboni, nyumba ya ghorofa. Brenda amenenepa vizuri, amevaa gauni la gomesi la rangi ya dhahabu, bado anacheka na mabega. Akanikumbatia. "Shahidi yangu!" Baada ya nyimbo akachukua maikrofoni akasimulia: jinsi alivyokuwa na mbwa aliyempenda kama mtoto, jinsi mbwa alivyopata kichaa na kufa akitoa povu, jinsi kifo kilivyomgusa mdomo na Mungu akakiambia rudi nyuma. Watu wakasema amina. "Na dada yangu Zaitun hapa alikuwepo. Huyu mbwa alimuuma! Naye ni mzima! Simama Zaitun, sema."

Nikasimama. Maikrofoni ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, nikasema, na watu wakacheka kidogo kwa heshima. "Brenda, mbwa hakufa. Nilikudanganya. Aliishi kwetu miaka kumi na mmoja, akafa kwa uzee, akiwa amelala kwenye jua." Nilimwona akielewa. Uso ulimshuka wote kwa mara moja, kama ule wa siku ya mayai. Nikafungua mdomo nimalize, niseme kwa nini, niitaje kadi mbele ya watu wake wote, na hapo mchungaji wake, kijana mwenye suti ya bluu, akaruka akaninyang'anya maikrofoni. "Haleluya!" akapaza sauti. "Mmesikia? Hata mbwa! Mungu wetu alimponya hata mbwa!" Vigelegele. Kinanda kikapigwa. Mahema mawili mazima yakasimama kucheza kwa ajili ya mbwa wangu, na mimi katikati na gurbaba yangu, miaka ishirini ya kuni imelowa maji.

Nikaenda kupanga foleni ya chakula. Matoke, wali, mchuzi wa karanga. Brenda alinikuta pale, amesimama karibu sana, anaangalia masufuria kama anayekagua. "Zile sindano zangu zote," alisema kwa sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha jikoni Ntinda. "Zote tano." Nikamwambia, "Zote tano za bure." Mhudumu akanipakulia matoke. Brenda hakuondoka. Watu walipita wakimpongeza, akawaitikia kwa mkono bila kugeuka. Nilingoja kusikia lile "Na mimi je?" la siku ya mayai. Badala yake, baada ya muda, akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Kule kwenu, mlikuwa mnaiita Prinsi?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilimbadilisha jina. Kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja nilisimama mlangoni nikamwita aje kunywa maji. Nilimwita Kadi."

Kijiko cha kupakulia kilikuwa mkononi mwake, sijui alikiokota saa ngapi. Akakirudisha kwenye mchuzi polepole. Mimi nikachukua sahani yangu, nikatafuta kiti kivulini, nikala chakula chake mpaka nikamaliza.